Nilipoitwa Mtoto wa Nyumba

Nilikwenda Ibra nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa sababu ya watoto wawili waliokuwa hawawezi kuzungumza na bibi yao.

Ndivyo nilivyoelezwa kwetu Unguja. Mama yangu alikuwa na jamaa wa mbali Omani, udugu wa aina ile unaokumbukwa kwenye harusi na misiba tu. Jamaa huyo alikuwa mkaguzi wa skuli. Mumewe alifanya kazi katika ofisi ya serikali Nizwa, akirudi nyumbani Alhamisi jioni na kuondoka Jumapili alfajiri. Ndani ya nyumba alikuwamo pia mama yake mzazi yule mkaguzi, bibi aliyezaliwa Unguja mjini na kuondoka akiwa mwari, na aliyebaki na Kiswahili cha siku hizo, cha watu wanaosema motokari. Kiarabu alikijua, lakini kila alivyozidi kuzeeka ndivyo kilivyozidi kumtoka. Wajukuu zake, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka sita, hawakujua ila Kiarabu. Wakimbusu mkono asubuhi, wakimbusu mkono jioni, na baina ya mabusu hayo mawili hapakuwa na neno.

Mapatano yalifanywa kwa simu. Nilikaa karibu na mama nikisikiliza.

"Aje akae na sisi kama mwanetu," sauti ya upande wa pili ilisema. "Asubuhi awe na bibi. Watoto wakirudi skuli azungumze nao Kiswahili, awachezeshe. Basi. Jioni tutampeleka akasome Kiarabu, na pesa ya mfukoni atapata."

"Na kazi za nyumba?" mama aliuliza.

"Kazi za nyumba yuko mfanyakazi. Huyu ni mtoto."

Mama aliridhika, na mimi niliridhika zaidi. Hakuna aliyeuliza habari ya siku ya mapumziko. Nani humuuliza jamaa yake habari ya siku ya mapumziko?

Yule mkaguzi aliniambia nimwite mama mdogo, na mimi nikamwita hivyo siku ile ile ya kwanza, uwanja wa ndege, kabla hata hajanishusha begi begani. Alinikumbatia kwa nguvu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kicheko cha ghafla, na njia nzima mpaka Ibra alinionyesha milima kama anayenionyesha mali yake. Sitaki mtu asome haya akamdhania mbaya. Hakuwa mbaya.

Miezi ile ya mwanzo ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu. Asubuhi nilimwamkia bibi shikamoo, naye akijibu marahaba kwa kuivuta, kama mtu anayejinyoosha. Nilimchana nywele, nikamtia mafuta miguuni, tukanywa chai ya tangawizi. Alinisimulia vichochoro vya mjini kwetu na kuniuliza duka fulani bado liko? Mara nyingi halikuwako, na mimi nilijifunza kusema "nadhani bado," kwa sababu jibu la kweli lilimfanya anyamaze mpaka adhuhuri.

Watoto walikuwa kazi nyengine. Mvulana alinikataa wiki nzima. Alijibu kila neno langu kwa Kiarabu, na haraka, ili nisifahamu. Nilichomshindia ni vitendawili. Siku moja nilimtaka bibi atege, na bibi, ambaye nadhani alikuwa hajategewa wala kutega tangu ujana wake, alijiinua kwenye mito akasema kwa sauti kubwa:

"Kitendawili!"

"Sema tega," nilimnong'oneza mvulana.

"Tega," alisema, kwa shingo upande.

"Nyumba yangu haina mlango."

Nilimfasiria. Alifikiri, akazunguka chumba, akashika ukuta, kisha akaruka: "Beidha!"

"Yai," nilimwambia. "Mwambie bibi, yai."

"Yai!" alipiga kelele, na bibi akapiga makofi, akamuuliza anataka mji gani, ingawa kwa desturi mji hupewa mtegaji. Alitaka Adam, kwa sababu ndiko baba yake alikonunua mbuzi wa Idi. Tangu siku hiyo akawa haingii ndani bila kuuliza, "Bibi, kiko kitendawili?" Yule msichana mdogo hakuvipenda vitendawili. Yeye alipenda kuamrishwa. Bibi alimtuma kanga, miwani, maji, na mtoto akawa anakimbia huku na huku akirudia majina ya vitu. Ngeli zote alizivuruga. "Bibi, miwani mangu hii," alikuwa akisema, na bibi hakumsahihisha hata mara moja. Alimwambia, "Lete mwanangu, miwani mako hiyo hiyo."

Jioni tatu kwa wiki nilikwenda kusoma Kiarabu kwenye kituo kimoja karibu na hospitali. Mama mdogo mwenyewe alinipeleka kwa gari. Nilianza kuandika jina langu kwa herufi zilizoungana vizuri.

Kisha mfanyakazi wa nyumba, dada mmoja kutoka India aliyekaa nao miaka mingi, alipata habari kwamba mamake mgonjwa. Alikwenda kumuuguza, na hakurudi.

"Kwa muda tu, mwanangu," mama mdogo aliniambia, akiwa ameshika ufagio kana kwamba ni kitu kilichoanguka kutoka juu. "Mpaka tupate mwengine. Tusaidiane."

Tulisaidiana. Wiki za kwanza yeye alipika mimi nikaosha vyombo. Halafu ukaguzi wake ukamtaka vijijini, akawa anarudi magharibi amechoka, nikapika mimi. Aliyepika ndiye aendaye sokoni kuchagua samaki, na aliyezoea sokoni ndiye ajuaye kilichokwisha jikoni. Kufua kukanifuata, kupiga pasi kanzu za bwana kukanifuata, kudeki majlisi kabla ya wageni wa Ijumaa na baada yao kukanifuata. Hakuna siku hata moja niliyoambiwa, kuanzia leo hii ni kazi yako. Kila jambo lilikuja na neno "leo," na leo hiyo haikuondoka.

Masomo ya Kiarabu yalikwisha hivyo hivyo. Jioni moja gari lilikuwa halina nafasi, jioni nyengine palikuwa na wageni, na jioni ya tatu mimi mwenyewe nililala kwenye kiti jikoni, kijiko mkononi.

Kuhusu ya mfukoni, mama mdogo alinipa alipokumbuka. Akikumbuka alitoa kwa ukarimu, na kanga juu yake, na manukato. Asipokumbuka nilitafuta namna ya kumkumbusha nisiipate. Utamwambiaje mtu anayekuita mwanangu mbele ya wageni, anayekuwekea mkono kichwani unapopitisha kahawa, "mama mdogo, mwezi umekwisha"? Wageni walisema mashallah, una binti. Naye alijibu, "Huyu ndiye mtoto wa nyumba hii."

Wakati huo bibi alikuwa amekaa peke yake. Nilimfikia asubuhi mbio mbio, chai nikamwachia pembeni, nywele nikazichana huku masikio yangu yako kwenye sufuria. Mvulana alisimama mlangoni pa jikoni, "kiko kitendawili?" na mimi nikamwambia nenda kacheze. Alikwenda. Baada ya muda hakuja tena. Kiswahili kikaanza kuwatoka watoto, na hakuna aliyetambua kwamba jambo lililonileta lilikuwa limekufa, maana nyumba ilikuwa inang'ara.

Mwaka wa pili wifi yake mama mdogo, anayekaa Sur, alijifungua. Alhamisi ile bwana aliporudi kutoka Nizwa, nilimsikia mama mdogo akimwambia mezani, "Tutampeleka mtoto akamsaidie dada yako mpaka arobaini itoke." Mimi nilikuwa natia wali sahanini. Nilifikiri anamsema mmoja wa wanawe. Jumamosi nilikuwa ndani ya gari kuelekea Sur na begi langu.

Yule wifi alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Hakunikumbatia. Wageni walipokuja kumpa mkono wa uzazi na kuniulizia, alisema, "Huyu mfanyakazi, ametoka kwa kaka yangu." Neno lile lilinichoma. Usiku ule nililia, nikimwona mama mdogo kuwa malaika.

Lakini asubuhi ya pili aliniita chumbani kwake, mtoto kifuani, akaniambia:

"Sikiliza. Mtoto utamwogesha asubuhi na jioni, mimi utanikanda baada ya kuoga, na chakula changu cha uzazi utanipikia wewe, kwa kuwa watu wa hapa hawajui kupika bokoboko. Kufagia na kufua yuko mwenye kazi hiyo, usimwingilie. Baada ya sala ya adhuhuri mpaka alasiri ulale. Umefahamu?"

"Nilale?"

"Mtu aliyechoka humuangusha mtoto," alisema. "Ijumaa sikutaki. Ukitaka kutembea, tembea."

Nilipewa chumba chenye mlango unaofungika. Chakula changu kiliwekwa mapema, si kilichobaki. Siku nilizokaa pale nililala mchana kama mtoto mchanga mwenyewe, na uchovu wa mwaka mzima ulinitoka mpaka mifupa ikauma. Sikupendwa na mtu pale, na nilinenepa.

Karibu na arobaini aliniuliza nikimkanda mgongo: "Huko Ibra wanakulipaje?"

Nilisema mimi ni jamaa, napewa ya mfukoni.

"Nani anapika?"

"Mimi."

"Nani anafua?"

"Mimi."

"Nani yuko na bibi?"

Nilichota mafuta mengine. Akasema, "Kazi ni kazi, hata ukiifanyia mamako. Mamako anaweza kukuomba. Lakini lazima akuombe." Siku ya kuondoka alinipa mshahara wangu mkononi, mbele ya mumewe, akataka nihesabu. Niliona haya kuhesabu. Akanisubiri mpaka nikahesabu.

Niliporudi Ibra nilikaa siku kadhaa nikitafuta wakati wa kusema. Nilichagua Ijumaa, wageni wameshaondoka, bwana yuko, tunakunywa kahawa. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu kwa moyo, na yote yalinipotea.

"Mama mdogo," nilisema, "mimi nataka tuzungumze kazi zangu."

"Kazi zako zipi?"

"Hizi ninazofanya. Nataka tupatane. Ipi yangu na ipi si yangu. Na siku moja ya kupumzika. Na niwe nalipwa kila mwezi, kwa kiwango tunachokijua sote."

Alinitazama kama niliyemvua mtandio mbele za watu. Kicheko kilimjia mdomoni, kikafa.

"Nani kakutia maneno haya? Sur?"

"Ni yangu mwenyewe."

"Mimi nimekufanya mwanangu. Watu wote wanajua. Nguo ninazovaa ndizo unazovaa. Mtoto anamdai mamake mshahara?"

"Wanao hawapiki, mama mdogo," nilisema. "Hawafui. Wanakwenda skuli."

Bwana aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mara nyingi nilidhani hanioni. "Anasema kweli," alimwambia mkewe, taratibu, kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Kwenye karatasi za serikali nimemwandikisha mfanyakazi. Nyumbani tumemwita mtoto. Tumechukua faida ya majina yote mawili." Akanigeukia. "Samahani, binti."

Pale pale tulipatana. Mimi nitakuwa na bibi na watoto, na chakula cha mchana. Mengine watatafuta mtu. Mshahara kila mwisho wa mwezi. Ijumaa yangu. Na masomo yangu ya Kiarabu yarudi. Yote niliyoyataka niliyapata katika mazungumzo mafupi kuliko kupika sufuria ya wali, na niliondoka pale na furaha yangu.

Hawakuvunja ahadi. Mwezi ulipokwisha mama mdogo alinipa mshahara ndani ya bahasha, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Hakuniita tena mwanangu. Aliniita binti, kwa adabu, na akatanguliza tafadhali. Wageni walipouliza alisema, "Anatusaidia kwa bibi." Sahani yangu ilikuwa pale pale mezani, lakini mazungumzo yalipungua nilipokaa. Hakunitukana hata siku moja. Nafikiri aliumia, na hakujua njia ya kuumia isipokuwa ile ya kuwa mwema kwangu kwa mbali.

Ijumaa ya kwanza niliyokuwa huru sikujua pa kwenda. Nilikaa chumbani nimevaa nguo za kutokea. Kupitia ukutani nilimsikia bibi akiniita kwa chai, na mama mdogo akimjibu, "Muache leo, mama. Siku yake."

"Siku yake ya nini?" bibi aliuliza. "Kanuna?"

"Anapumzika."

"Anapumzika asikae na mimi?"

Ningeweza kutoka. Ilikuwa hatua chache tu, na chai niliitaka. Lakini nilikuwa nimepigania siku ile kwa shida, nikaogopa nikitoka mara moja itakuwa "leo" nyengine. Nilivaa buibui nikapita mlango wa nyuma, nikazunguka mjini peke yangu kwenye maduka yaliyofungwa.

Bibi hakufahamu kilichopita mpaka mjukuu wake mkubwa alipomfasiria, kwa Kiswahili chake kibovu ambacho mimi ndiye niliyempa. "Bibi, yeye analipwa flusi. Kukaa na wewe." Nilikuwa namtia mafuta miguuni. Bibi aliuvuta mguu wake taratibu, akaufunika kwa kanga.

"Kumbe unalipwa kukaa na mimi," alisema.

"Bibi, si hivyo."

"Si vibaya, mwanangu. Mimi sikujua tu. Nilikuwa nikidhani unapenda hadithi zangu."

Jawabu lake ninalijua sasa. Nilikuwa nalipwa kwa muda wangu, bibi, ili niwe na nafasi ya kukupenda bila kutazama sufuria. Hadithi zako zilikuwa bure. Lakini jawabu hilo lilinijia mwaka mzima baadaye, nikiwa Nizwa, nimesimama darasani kuwavisha watoto wa watu viatu. Siku ile nilisema tu, "Nazipenda, bibi," kwa sauti ndogo, na yeye akasema, "Haya," akauliza kama adhana imeshaadhiniwa.

Aliendelea kunisimulia, lakini kwa kujizuia, na akawa anamaliza kwa kuuliza, "Nimekuchosha?" Hapo mwanzo hakuwahi kuniuliza hivyo.

Muda wa karatasi zangu ulipokwisha nilisema sitaki kuendelea. Ni yule bwana aliyenitafutia kazi Nizwa, kwenye skuli ndogo ya chekechea inayoendeshwa na mama mmoja ambaye wazee wake walirudi kutoka Pemba. Alinishughulikia karatasi zote na hakunizuilia kitu. Siku ya kuondoka mama mdogo alinifungia mkate wa ufuta, akasimama mlangoni mpaka gari likapinda. Bibi alikuwa amelala. Nilisema nisimwamshe, nitakuja Idi.

Idi ile nilifanya kazi nyumbani kwa mwenye skuli, na nyengine nilikuwa na homa. Nilipiga simu mara mbili tatu, bibi hakuisikia vizuri simu, mazungumzo yakaishia kwenye salamu.

Habari ya kifo chake niliipata Nizwa sokoni, kwa mwanamke wa Ibra aliyekuja kununua halwa. Alinipa pole kwa kuwa alinikumbuka nikiwa mtoto wa nyumba ile. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, wiki ilikuwa imepita. Sikumwambia kwamba sikuwa najua. Nilipokea pole, nikasema amin, nikaenda kukaa nyuma ya duka la vyungu mpaka nilipoweza kusimama.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ibra. Mama mdogo alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda. Tulikaa majlisini, pale nilipodeki mara nyingi, na mhudumu nisiyemjua akaleta kahawa na tende. Msichana alikuja kunisalimia kwa Kiarabu, mrefu sasa, akanibusu shavu na kukimbia. Mvulana hakuwapo, alikuwa kwenye mpira.

Tulipomaliza kumwombea bibi rehema, niliuliza, nikijizuia nisilaumu: "Kwa nini hamkuniambia?"

Alikizungusha kikombe vidoleni muda mrefu.

"Nilishika simu," alisema. "Wallahi nilishika simu. Jamaa niliwapigia wote. Wale waliowahi kutufanyia kazi tuliwapa habari baadaye. Wewe sikujua nikupigie kama nani."

Nilitaka kumwambia kwamba yangeweza kuwa yote mawili. Kwamba kama tungelikaa siku ya kwanza tukapatana kama alivyofanya yule mwanamke mkavu wa Sur, kazi hizi, saa hizi, mshahara huu, basi jina la mwanangu lisingekuwa na deni lolote ndani yake, na angeweza kuniita hivyo mpaka leo. Lakini ulikuwa msiba wake. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mimi yalikuwa yananitoka, na kila mmoja alikuwa akijifutia yake.

Baadaye, kwa mazoea tu, niliinuka nikaanza kukusanya vikombe. Alinishika kiwiko.

"Kaa," alisema. "Wewe mgeni."

Nilikaa. Yule mhudumu aliingia, akakusanya vikombe kimya kimya, akatoka. Nilikaa mpaka alasiri, kisha nikaomba ruhusa, maana njia ya Nizwa ni ndefu na kesho yake nilikuwa na watoto wa kuwapokea.